Gari la rimoti, majani ya uwanjani, na mguu wa kijana wangu

SEHEMU YA 1

  Nesi wenu nimerudi. Najua niliahidi wiki hii tungeongea kuhusu mafua ya watoto wachanga. Naombeni mnisamehe, hiyo inakuja. Leo nataka niwaambie habari ya gari la kuchezea. Usicheke kwanza, ukifika sehemu ya 4 utaelewa kwa nini nimekaa na hii stori miezi mitatu bila kuiandika.

Wale wa siku nyingi mnajua kwamba kijana wangu mkubwa ana miaka 9 na ana selimundu. Kwa wageni niseme kwa ufupi: mimi na baba yake kila mmoja amebeba kinasaba kimoja, hatuumwi chochote, na hatukujua mpaka mtoto alipovimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi 8. Mimi nesi! Nikadhani ameumwa na wadudu. Kama wewe na mwenzio hamjapima, kapimeni. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Mdogo wake ana miaka 2 na yeye hana, Mungu ni mwema.

Sasa, nyumba yetu hapa Morogoro iko jirani na uwanja wa shule ya msingi. Kila jioni saa 10 na nusu utasikia watoto wanaanza. Mpira, kelele, "pasia huku!", mpaka giza. Na kijana wangu kila jioni alikuwa anakaa kwenye ngazi ya jiko, amevaa sweta niliyomvalisha mimi, ana chupa ya maji niliyomjazia mimi, anaangalia. Nilimkataza mpira tangu alipolazwa darasa la kwanza. Nilikuwa na sababu zangu na kila daktari angenielewa, au ndivyo nilivyojiambia.

Mwezi wa nne shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, akaja na boksi. Ndani kuna gari la rimoti. Sio yale ya dukani ya elfu kumi na tano yanayokufa kabla ya Krismasi. Hili ni lile la kuunga mwenyewe, aina wanayoita bagi, uwiano wa moja kwa kumi, karibu sentimita 40 kwa urefu, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, tairi za nyuma zina miba ya mpira kama za trekta. Alilinunua kwa mtu, limeshatumika. Lina shokapu nne za kweli, zenye oili ndani na springi nje. Nilizishika nikazibonyeza nikashangaa, ni shokapu kabisa, ila ndogo kama kidole changu cha mwisho.

Kwenye saruji ya uani liliruka kama mshale. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji akaondoka zake na heshima yake.

Jumamosi iliyofuata mtoto akaomba ruhusa alipeleke uwanjani. Nikasema sawa, lakini wewe simama, gari ndilo likimbie. Nikaona nimepata suluhisho la maisha.

Hazikupita dakika 20 akarudi. Gari kalibeba kwapani, limejaa majani kwenye magurudumu. Hakulia. Akaliweka mezani, akasema, "Mama, hata gari langu haliwezi kucheza uwanjani."

Jamani.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho yananiuma. Nikamwambia, "Lete bisibisi baba, tuone."

Inaendelea hapo chini.

SEHEMU YA 2

Nianze na kilichotokea uwanjani, maana nilienda naye kesho yake nikaona kwa macho yangu. Ilikuwa katikati ya masika, ukoka umenenepa, shule haijafyeka. Majani yalikuwa kama urefu wa kidole changu cha kati. Gari likiwa kwenye saruji, tumbo lake liko juu ya ardhi kama milimita 18. Yaani upana wa kidole gumba. Sasa fikiria mwenyewe: unaingia kwenye majani ya sentimita tano, sita, tumbo liko milimita 18. Gari linakaa juu ya majani kama kobe aliyewekwa juu ya kigoda, magurudumu yanazunguka hewani, mota inalia. Likitoka hapo linagonga kichuguu kidogo, linabinuka. Na wale vijana wa mpira wakawa wanapiga makofi kila likibinuka. Sio wabaya, ni watoto. Ila nilimwona wangu shingo inaingia ndani ya sweta.

Nikagusa mota, sikuweza kuacha kidole pale hata sekunde mbili. Mimi naweza kukuambia mtoto ana homa kwa kumgusa shingo, hiyo mota ilikuwa na homa kali. Majani yanashika, mota inahangaika, inakula umeme mwingi, inachemka. Tukazima, tukaondoka.

Nyumbani tukaanza ufundi. Kwenye boksi kulikuwa na vipande vidogo vya plastiki vyenye umbo la herufi C, vyembamba na vinene. Hivyo unavibana kwenye mwili wa shokapu, juu ya springi, springi inabanwa kidogo na gari linainuka. Mimi na akili zangu za kuendesha wodi nikasema, tatizo ni kimo, basi tuweke vyote. Tukabana vyote, nyuma na mbele. Gari likasimama juu kama mbuzi aliyetishwa.

Tukarudi uwanjani. Halikukwama tena, hilo kweli. Lakini sasa likawa linaruka. Kila kichuguu linadunda, kona ndogo tu linalala ubavu. Vijana wakaanza kuhesabu kwa sauti: "Saba! Nane!"

Pale kona yetu kuna fundi pikipiki, baba mtu mzima, mikono myeusi ya grisi, bodaboda wote wa mtaa ni wateja wake. Tukapita kwake tukirudi. Akalishika gari, akalibonyeza nyuma na vidole viwili, akaliachia, akalibonyeza tena. Akamwambia mwanangu, si mimi, "Mjukuu, mmeliinua, hamjalilainisha. Hayo ni mambo mawili."

Akatuonyesha shokapu ya pikipiki iliyokuwa pale. Chini ya springi kuna ile pete yenye ngazi ngazi, unaizungusha na spana. Akasema bodaboda akibeba abiria wawili na gunia anaizungusha ngazi ya juu, pikipiki isikae chini nyuma. Lakini springi ni ile ile, hujaibadilisha, umeibana tu ianzie mbali. Na ukiibana mno, bila mzigo, pikipiki inapiga mgongo wako kwenye kila shimo, kwa sababu gurudumu halina tena pa kushukia. Limeshafika mwisho wake.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikueleze na wewe kama mtoto wako ana gari la namna hii. Shokapu ina safari mbili. Ya kupanda, gurudumu linapopigwa na kichuguu. Na ya kushuka, gurudumu linapofika kwenye shimo na linatakiwa lilifuate. Watu wengi tunafikiria ya kupanda tu. Kwenye majani ile ya kushuka ndiyo inayokuokoa, maana uwanja wa majani ukiuangalia kwa juu ni tambarare, ukiuangalia ukiwa mdogo kama hilo gari ni vishimo na vichuguu mwanzo mwisho. Sisi tulikuwa tumemaliza safari yote ya kushuka kwa kubana vile viplastiki.

Kupima ni rahisi, mwanangu sasa hivi anaifanya akiwa amefumba macho. Gari likiwa chini na betri yake ndani, inua mwili wake taratibu kwa nyuma. Angalia linapanda kiasi gani kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Kama mara moja yameachana, huna safari ya kushuka. La kwetu liliachana pale pale.

SEHEMU YA 3

(Wale mnaouliza gari linauzwa wapi, jamani sijui, si duka langu. Soma kwanza.)

Dawa ilikuwa kwenye matundu. Mkono wa chini unaoshika gurudumu una matundu mawili ya kufungia shokapu, la ndani karibu na mwili wa gari, na la nje karibu na gurudumu. Letu lilikuwa limefungwa la nje. Shokapu ikifungwa nje gari linakuwa gumu na mwendo wa gurudumu unakuwa mfupi. Ukihamishia tundu la ndani, shokapu ile ile, springi ile ile, gurudumu linapata mwendo mrefu zaidi juu na chini, na gari linakuwa laini. Ni kama kufungua mlango: sukuma karibu na bawaba uone unavyohangaika, halafu sukuma kwenye kitasa. Springi ikihamia karibu na bawaba, gurudumu ndilo linalobaki na kitasa.

Tukahamisha za nyuma. Likalainika mpaka likakaa chini kidogo, ndiyo sasa tukarudisha viplastiki, viwili tu vya wastani kila upande. Mbele tukaacha tundu lile lile, tukaongeza kiplastiki kimoja. Tukapima tena tumbo, milimita 30 na kidogo. Nyuma juu kuliko mbele kwa unywele.

Hii kazi yote tuliifanya mezani jikoni, asubuhi nikitoka zamu, kabla sijalala. Na hapa niingize unesi wangu kidogo, nisameheni. Zile skurubu na zile pini ndogo za umbo la E zinaruka. Unabonyeza bisibisi, unasikia "tik," haipo. Na mimi nina mtoto wa miaka 2 anayeokota kila kitu akakipeleka mdomoni. Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu: kazi inafanyika ndani ya sinia lenye kitambaa, skurubu zinakaa kwenye kifuniko cha chupa ya maziwa, na tunazihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kama tunavyohesabu vifaa chumba cha upasuaji. Siku moja ilipungua moja. Tulifagia nyumba nzima, mpaka tukaipata ndani ya ndala ya baba watoto. Betri nayo haichajiwi usiku tumelala. Inachajiwa mchana, juu ya saruji, mbali na pazia, mtu mzima yupo. Na mtoto akiungua na mota au betri: maji safi yanayotiririka, dakika 20, zihesabu kwa saa. Dawa ya meno hapana. Yai hapana. Unga wa ngano hapana, nimeshaukwangua kwenye vidonda vya watoto wa watu na sitaki kurudia.

Turudi kwenye gari. Bado lilikuwa linaruka. Kidogo, lakini linaruka, hasa kwenye vile vichuguu vinavyofuatana. Fundi akasema oili nzito. Ndani ya shokapu kuna kipistoni chenye matundu, kinapita kwenye oili. Oili ikiwa nzito kinapita polepole. Kichuguu cha kwanza shokapu inabonyea, kabla haijarudi kichuguu cha pili kimefika, cha tatu kimefika, mwisho shokapu imebaki imebonyea yote na gari linaruka kama halina springi. Ikiwa nyepesi mno nayo, gari linayumba kama mlevi, halitulii.

Hapo mimi na fundi tukafanya kosa. Alikuwa na oili nyepesi ya shokapu za mbele za pikipiki, tukamimina hiyo. Siku mbili tatu gari lilikwenda vizuri mno, tukajisifu. Wiki ya pili shokapu zote zinavuja, mikono ya gari inang'aa mafuta na majani makavu yameganda juu yake. Hizi shokapu ndogo zina viringi vya mpira ndani vilivyotengenezwa kwa ajili ya oili ya silikoni. Oili ya petroli inavivimbisha. Shemeji ikabidi aagize viringi vingine na kichupa cha oili ya silikoni. Vichupa vina namba, namba ikiwa kubwa oili ni nzito. Ya zamani ilikuwa 400, tukaweka 300. Unajaza shokapu ikiwa imesimama wima, unapandisha na kushusha kipistoni polepole, unaona viputo vya hewa vinapanda, unasubiri. Usiwe na haraka hapo. Kijana wangu ndiye mwenye subira hiyo, mimi nilitaka kufunga. Anakaa na kile kitu mkononi dakika kumi anaangalia viputo. Anajua kusubiri kuliko mtoto yeyote ninayemjua, na sipendi kufikiria alijifunzia wapi.

Kipimo cha mwisho: liangushe gari kutoka kimo cha shibiri moja hivi kwenda juu ya meza. Linatakiwa litue, libonyee, lirudi mara moja, litulie. Likidunda, springi inashinda oili. Likitua "pwaa" na kubaki chini, oili inashinda springi.

Mota nayo tukaipumzisha kwa kubadilisha gia ndogo, kutoka meno 19 kwenda 17. Mwendo unapungua kidogo, nguvu ya kusukuma majani inaongezeka, na sasa baada ya dakika kumi naweza kuweka kidole. Na kwa sababu gari limeinuka juu, kona kali bado litalala, hiyo huwezi kuikwepa, kitu kirefu kinaanguka kirahisi. Kwenye rimoti kuna kitufe cha kupunguza ukataji wa usukani, tukapunguza. Mengine ni dereva kujifunza kuachia moto kabla ya kona.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tano tukaenda uwanjani. Shule walikuwa wamefyeka juzi yake. Gari likaenda kutoka goli moja mpaka lingine, likapinda, likarudi. Majani yanaruka nyuma kama linakata nyanya. Wale vijana wakaacha mpira. Kweli, mpira ukabaki peke yake katikati ya uwanja. "Oya, naomba nijaribu!" Mwanangu akawapanga foleni. Mtoto wangu, kawapanga foleni.

Na halafu akaanza kukimbia. Gari lilikuwa limeenda mbali, akalifuata. Nikainuka. Jina lake lilishafika kwenye meno. Nikaangalia saa badala yake. Dakika moja na nusu, akasimama mwenyewe, akashika magoti, akaja kunywa maji, akarudi. Niliwahi kuwafundisha akina mama mia na zaidi kwamba mtoto wa selimundu anaruhusiwa kucheza, aache akichoka, anywe maji mengi, asiloane na baridi. Nimelisema hilo kwa sauti ya upole kabisa, nikarudi nyumbani nikamvalisha wangu sweta na kumkalisha kwenye ngazi ya jiko.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu iliyonichelewesha.

Mwezi wa sita na wa saba Morogoro kunakuwa na baridi, hasa upepo wa jioni ukishuka kutoka Uluguru. Uwanjani kila Jumamosi na Jumapili, na siku za wiki nikiwa zamu ya mchana alikuwa anaenda na dada wa kazi. Ananiandikia kwenye daftari: leo viplastiki viwili, leo vitatu maana majani yameota, leo nimegonga jiwe. Mimi nasoma daftari nikirudi usiku, natabasamu, nalala.

Jumatano moja saa 9 usiku nikasikia mdogo wake analia. Nikaenda chumbani kwao. Mdogo analia kwa sababu kaka yake anatetemeka kitanda chote. Kijana wangu yuko macho, amekunja mguu wa kulia, ameng'ata shuka. Hatoi sauti. Nikamgusa paja akaruka.

"Imeanza lini baba?"

Kimya.

"Imeanza lini?"

"Jumatatu."

Siku mbili, mama zangu. Siku mbili mtoto wa nesi ana maumivu ya mfupa ndani ya nyumba ya nesi. Jumanne alienda shule nao. Jumanne jioni alikaa mezani na mimi tunasafisha nyasi zilizojizungusha kwenye ekseli za gari, ananiambia, "Mama, kushoto shokapu imelegea," na mguu wake mwenyewe ulikuwa chini ya meza unawaka.

Nikampima joto, 37 na nusu. Kifua hakiumi, anapumua vizuri, macho si ya njano kuliko siku zote, bandama nikaipapasa, haijakua. Nikampa maji, nikampa dawa ya maumivu, blanketi, chupa ya maji ya uvuguvugu imefungwa kitambaa. Saa 11 alfajiri hakuna nafuu, tukaenda hospitali. Alilazwa siku nne. Nililala kwenye kiti pembeni ya kitanda kama mama mwingine yeyote, na nikagundua vile viti vyetu ni vibaya kiasi gani.

Siku ya pili dawa zimemtuliza, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alichukua muda. Akasema, "Ungeweka gari juu ya kabati."

Sikubisha, kwa sababu ni kweli. Ningeliweka. Mwaka juzi niliweka baiskeli juu ya kabati. Iko mpaka leo, vumbi limeifunika, na yeye analala chini yake kila siku akiiona. Mtoto alipiga hesabu zake: maumivu nitayavumilia, gari sitalipata tena. Mimi ndiye niliyemfundisha hiyo hesabu.

Ninavyowajua, mtaniandikia kwamba uwanja ndio uliomuumiza. Inawezekana. Ilikuwa baridi, na dada aliniambia baadaye kwamba Jumapili alirudi fulana imeloa jasho na hakubadilisha. Inawezekana pia ingekuja tu, kuna mara imekuja akiwa kitandani na sweta mbili. Ila najua kitu kimoja kwa uhakika: kama angeniambia Jumatatu, angekunywa maji, angepumzika, angepata dawa mapema, na ningekuwa na siku mbili zaidi za kuangalia hatari. Je, angekuwa na homa ya 38 na nusu kipindi kile anaficha? Mtoto wa selimundu mwenye homa hiyo hasubiri asubuhi, anaenda hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo akiumwa kifua, akihema kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au akilegea upande mmoja wa mwili. Hayo nimewaandikia mara nyingi. Sikuwahi kuwaandikia cha kufanya mtoto akiamua kukuficha.

Tuliporudi nyumbani baba yake alipanda juu ya stuli akashusha baiskeli. Hakuniuliza. Tairi zimekwisha, atanunua mwisho wa mwezi.

Na mimi na kijana tukakubaliana mezani pale pale jikoni. Yeye ataniambia maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi, kama tunavyofanya wodini, muda wowote hata nikiwa kazini, dada atapiga simu. Mimi sitagusa gari. Nikiona inafaa apumzike atapumzika, lakini gari linabaki kwenye rafu yake anapoliona, na siku akiwa hawezi kusimama atalirekebisha akiwa amekaa. Akaniuliza, "Hata ikiwa nane?" Nikasema hata ikiwa nane. Akaniuliza tena kesho yake, kuhakikisha.

Wiki mbili zilizopita aliniambia, "Mama, tatu, goti la kushoto." Yaani alisema tu, akiwa anakula chapati. Mama zangu, nilienda kujifungia bafuni. Kisha nikatoka nikamjazia maji, akapumzika siku ile na iliyofuata, ikapita.

Jana tumepima gari upya. Majani sasa ni mafupi na makavu, ardhi imekuwa ngumu, milimita 30 ni nyingi mno, linalala kwenye kona bila sababu. Tumetoa kiplastiki kimoja kila upande nyuma, limeshuka mpaka 25. Yeye anataka turudishe na oili ya 400, mimi naona bado. Fundi yuko upande wake.

Kesho naingia usiku, kwa hiyo maswali nitajibu asubuhi nikishakunywa chai. Mwenye mtoto wa selimundu na anahofia michezo aniandikie kwa pembeni, aniambie umri wa mtoto na kama anatumia haidroksiyurea. Na ya mafua ya watoto wachanga inakuja Jumatano, naapa.